Ngoma Mbili, Tundu Moja: Sauti za Usukuma Zilivyovuka kutoka Kanda hadi Kompyuta

Historia ya sauti ina wanakili wake, kama ilivyo historia ya maandishi. Sisi watu wa pwani twawajua wanakili wa maandishi. Twamjua Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alinakili tenzi nyingi kwa hati nzuri ya Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akina William Hichens na Ernst Dammann, hata leo baadhi ya nakala zake zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Msomi anayezifungua nakala hizo haanzi na shairi, huanza na mnakili. Hutaka kujua ni nani aliyeandika, alinakili kutoka wapi, kwa agizo la nani, na ni neno gani alilolibadilisha kwa kuwa hakulisoma vizuri au hakulipenda. Mbele ya wimbo maswali hayo hatuyaulizi. Wimbo unaotoka katika kompyuta twaudhani kuwa umefika wenyewe, mzima, kama ulivyotoka kinywani.

Haukufika wenyewe. Umepita katika waya, tena si mmoja, na kila ulipounganishwa palikuwa na mtu aliyeamua jambo, hata kama hakujua kuwa anaamua. Makala haya yanauchukua mfano wa Usukuma, hususan upande wake wa mashariki ambao tangu Machi 2012 ni Mkoa wa Simiyu, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Nimeuchagua kwa sababu ngoma za huko zina tabia inayolidhihirisha mara moja kosa la mnakili: aghalabu huwa ni ngoma mbili kwa wakati mmoja.

Mapokeo ya Wasukuma yanasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwapo waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindania nani mwenye dawa kali zaidi. Wakakubaliana kupimana kwa ngoma. Kila mmoja aliwachezesha watu wake upande wake wa uwanja, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye aliyehesabiwa kuwa mshindi. Kutokana nao yakapatikana makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo uhasama wao wa kirafiki umerithishwa kizazi baada ya kizazi. Msimu wa mashindano ni baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, ardhi ikiwa kavu na ghala zikiwa na kitu. Bujora, karibu na Kisesa upande wa Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha kituo kilichozaa Makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo yaliingizwa katika sikukuu ya Bulabo inayofuatana na Ekaristi ya mwezi wa Juni. Lakini uwanja wake wa asili ni wa kijijini, chini ya jua, pasipo jukwaa wala kiti cha mgeni rasmi.

Kiongozi wa nyimbo huitwa ningi. Ni mtunzi na mwimbaji, na ni zaidi ya hapo: hutoa habari, husuta, husifu, hujitaja kwa jina lake na la baba yake ndani ya wimbo wake mwenyewe, huwataja wapinzani na kuwajibu. Kwa anayekumbuka mashindano ya vikundi vya taarabu vya wanawake wa Unguja, utamu huu si mgeni. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika taarabu jibu lilingoja usiku mwingine na ukumbi mwingine. Katika uwanja wa Kisukuma jibu linaimbwa sasa hivi, hatua kadhaa tu kutoka hapo ulipo, juu ya ngoma nyingine yenye mwendo mwingine. Msikilizaji husimama katikati, sikio moja kwa Bagika na moja kwa Bagalu, kisha miguu yake huamua. Anayesikia upande mmoja tu amesikia nusu ya habari, na anayesikia pande zote mbili zimechanganywa pamoja hakusikia hata hiyo nusu.

Tuanze na nta. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, wa hifadhi ya fonografu ya Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, ndugu na majirani wa Wasukuma, zilizonaswa kwenye silinda za nta. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, na mashine haikuwa na umeme wala maikrofoni: mwimbaji alipaswa kuukaribia mdomo wa pembe. Uwanja mzima wa watu hauingii katika pembe. Hivyo tangu mwanzo wimbo wa watu wa bara ulihifadhiwa kama sauti ya mtu mmoja, na wanazuoni wakauandikia nota kana kwamba ndivyo ulivyokuwa. Kwa upande wetu, Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, walikwenda na utanzu uliozoea ukumbi mdogo, mwimbaji mmoja na vyombo vichache. Ngoma ya uwanjani isingeweza kupakiwa melini.

Ilibidi mashine iifuate. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, alipita Tanganyika mwaka 1950 akiwa na gari la vyombo, na Wasukuma ni miongoni mwa aliowarekodi. Utaratibu wake wapaswa kusimuliwa, kwa kuwa ni wa mtu aliyejua uzito wa waya. Jenereta iliwekwa mbali, waya mrefu ukaburutwa hadi kwa wachezaji, ili mngurumo wa injini usiingie katika wimbo. Maikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, akairudisha kwa ngoma, akaipeleka kwa waitikiaji. Tukisikiliza leo tunasikia uamuzi wa mkono wake. Na kwa kuwa santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, wimbo wa uwanjani ambao kwa kawaida haujui saa ulibidi ufupishwe.

Hata hivyo Tracey alifanya jambo moja ambalo waliomfuata wengi hawakulifanya: kila wimbo aliuandikia kadi, yenye mahali, lugha, waimbaji, vyombo na maana. Kadi hizo na santuri zaidi ya mia mbili za mfululizo wake wa Sound of Africa ndizo msingi wa maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtu hulaumu kwamba sauti za Wasukuma zilihamia mbali na kwao, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini zilihama zikiwa na barua ya utambulisho.

Baada ya Tracey ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kuanzia mwaka 1965 iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Magari yake yalizunguka mikoani kurekodi ngoma na kwaya kwenye kanda pana za robo inchi. Taifa changa lilitaka kujisikia, na redio ililipa taifa sikio, ila nafasi ya kila kabila hewani ilikuwa dakika chache, na uchaguzi ulifanywa Dar es Salaam.

Kilichogeuza mambo ni kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti zikaenea vijijini. Hapa hapana budi kuitaja pamba. Usukuma ni nchi ya pamba. Ndiyo iliyokijenga Chama cha Ushirika cha Victoria, kilichoundwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na hadi leo Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Ununuzi wa pamba huangukia miezi ileile ya mashindano ya ngoma. Fedha na mbina, kama Wasukuma wanavyoiita ngoma, vilifika pamoja, na fedha ile ndiyo iliyonunua baiskeli, betri na kaseti tupu. Kwa mara ya kwanza mkulima mwenyewe aliweza kuweka mashine ukingoni mwa uwanja wake, akabonyeza vitufe viwili, akaondoka na wimbo. Hakumwomba mtu ruhusa wala hakungoja gari la redio. Nionavyo mimi, haya ndiyo mageuzi makubwa zaidi katika historia ya sauti za bara. Tumeyaandikia kidogo mno kwa kuwa hayakufanywa na mtu mwenye cheo.

Kaseti hizo zilikuwa na kasoro zake. Redio kaseti nyingi zina kidhibiti kinachojiendesha: sauti ikizidi hupunguza, ikipungua huongeza. Katika mazungumzo ni jambo jema. Katika ngoma kila pigo kubwa humzamisha ningi, kisha sauti yake ikapanda tena taratibu hadi pigo lijalo. Lakini zile redio kubwa zenye maikrofoni mbili, moja kila upande, zilikuwa na fadhila ambayo huenda wenyewe hawakuikusudia. Ikiwekwa katikati ya uwanja, Bagika walisikika upande mmoja na Bagalu upande wa pili. Utepe wa kaseti una njia mbili zinazokwenda sambamba, na kila kundi likapata yake. Chombo cha bei ndogo kililishika umbo la mashindano kuliko santuri ya mtaalamu.

Sasa tufike kwenye tundu.

Kompyuta zilipoingia katika maduka ya muziki ya miji ya Kanda ya Ziwa, katika miaka ya 2000, kaseti zilianza kuhamishwa: kwanza kwenye CD, kisha kwenye flashi na kadi za simu. Wahamishaji walikuwa wenye maduka na vijana wao, na si wataalamu wa hifadhi. Chombo chao kilikuwa kompyuta, mara nyingi mpakato kwa kuwa umeme ukikatika ina betri yake, na waya mmoja mfupi wenye pini mbili za milimita tatu na nusu. Pini moja ilichomekwa katika tundu la kusikilizia la redio kaseti, ya pili ubavuni mwa kompyuta. Programu za kunasia zilikuwapo bila malipo. Audacity, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ilitolewa mwaka 2000. Kazi ilionekana rahisi kuliko kukarabati baiskeli.

Ugumu umo katika tundu lenyewe. Kompyuta za mezani kwa kawaida zilikuwa na matundu matatu ya sauti. La kijani ni la kutolea, la waridi ni la maikrofoni, la samawati ni la kupokea sauti kutoka chombo kingine, yaani redio, santuri au kaseti. Mpakato, kwa kutaka wembamba, nyingi ziliachana na hilo la samawati, zikabaki na la maikrofoni. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti moja, nalo tundu lake hutarajia udogo huo na kuukuza. Tundu la kusikilizia la redio kaseti huweza kutoa mara mia ya hapo. Ukimwaga mtungi ndani ya kikombe cha kahawa, kinachobaki kikombeni ni maji, ila umbo la mtungi hulijui tena. Vilele vya sauti hukatwa, ngoma hukwaruza, na sauti ya juu ya ningi hupasuka pale hasa anapokazia neno. Programu yoyote haiwezi kurudisha kilele kilichokatwa, kwa sababu hakikuandikwa.

La pili ni baya zaidi, kwa kuwa halisikiki kama kosa. Tundu la maikrofoni katika mpakato nyingi lina njia moja tu. Maikrofoni ya mazungumzo haihitaji mbili. Pini ya kaseti inaleta njia mbili, kushoto na kulia. Tundu hupokea moja na kuiacha ya pili, au huzisonga zote ndani ya moja. Kwa wimbo wa bendi hasara ni ndogo. Kwa mashindano ya Kisukuma ama kundi zima limefutwa uwanjani, ama Bagika na Bagalu wamelazimishwa kucheza ngoma moja, jambo ambalo Ngika na Gumha wasingelikubali. Mtu anayesikiliza nakala hiyo miaka ishirini baadaye atasema wazee walikuwa wakipiga ovyo, mwendo huu juu ya mwendo ule. Atamlaumu mpigaji kwa kosa la waya.

Na la tatu: kompyuta nyingi, zikidhani kwamba kila kinachoingia katika tundu la maikrofoni ni mtu anayezungumza, hutumia kichujio cha kuondoa kelele. Kichujio hicho hukiona kilio kinachoendelea bila kukoma kuwa ni upepo au feni. Njuga za miguuni, zinazolia mfululizo tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, huangukia hukumu hiyo. Ukiongeza mvumo wa umeme wa hertzi 50 unaoingia pale redio na kompyuta zinapochomekwa pamoja ukutani, utaelewa kwa nini nakala nyingi zina mvumo ambao uwanja haukuwa nao, na hazina njuga ambazo uwanja ulikuwa nazo.

Dawa za maradhi haya si ghali wala si siri. Sauti ya redio ishushwe hadi karibu na mwanzo wake. Kichujio kizimwe. Kompyuta iendeshwe kwa betri wakati wa kunasa, mvumo hupungua. Bora kuliko yote ni kiboksi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB, chenye matundu mawili ya kupokelea, kushoto na kulia, kwa kiwango cha umeme wa kaseti. Wenye hifadhi za kimataifa hushauri kunasa kwa sampuli 48,000 au 96,000 kwa sekunde na biti 24. Saa moja kwa kiwango hicho cha juu huchukua kama gigabaiti mbili, wakati kiwango cha CD huchukua kama megabaiti 635. Katika mwaka 2005 gigabaiti mbili zilikuwa mali. Mwenye duka aliyebana nyimbo mia ndani ya CD moja hakuwa mjinga, alikuwa akiuza kile ambacho mteja aliweza kubeba. Namtetea mtu huyu. Bila yeye kaseti nyingi zingeoza kimya kimya katika vumbi na joto, kijisifongo kinachokandamiza utepe kikibanduka. Nakala mbovu imekuwa bora kuliko ukimya, na wanakili wetu wa tenzi nao walikosea sana tukawashukuru.

Ila kuna jambo moja ambalo Kijuma alilifanya na duka halikulifanya. Jina. Kaseti ilikuwa na karatasi yake, na juu yake kwa kalamu ya wino palikuwa na jina la ningi, kijiji, pengine mwaka. Karatasi haipiti katika waya. Faili likaitwa namba, likaitwa wimbo wa kwanza na wa pili. Bahati njema ni kwamba ningi hujitaja ndani ya wimbo. Kwa anayejua Kisukuma, saini imo katika sauti yenyewe. Bahati mbaya ni kwamba kujitaja huko mara nyingi kupo pale sauti inapokazwa, na ndipo penye kilele kilichokatwa.

Ramani nayo ina fumbo lake. Anayetafuta nyimbo za Simiyu katika orodha za zamani hatazipata kwa jina hilo, kwa sababu hadi mwaka 2012 hapakuwa na mkoa wenye jina hilo. Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Kabla ya kupewa wilaya yake ilikuwa sehemu ya Maswa. Na wakati wa Tracey, Maswa ilihesabiwa katika Jimbo la Ziwa. Busega ilitoka Magu, upande wa Mwanza. Kwa hivyo mtoto wa Itilima au Meatu anayetaka kumsikia babu yake sharti ajue kwanza babu huyo aliandikwa chini ya serikali gani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 2,140,497 katika mkoa huo, na kila mmoja wao angekumbana na fumbo hilohilo.

Jina lina uzito wa fedha pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, na ya Zanzibar ni ya mwaka 2003. Sheria hizi zilikuja wakati uleule ambao waya ulikuwa ukifanya kazi yake madukani. Sheria hulinda kazi ya mtunzi anayejulikana. Wimbo uliopoteza karatasi yake huitwa wa asili, na wa asili kwa mazoea ya soko maana yake ni wa bure. Ningi aliyeutunga ili kumjibu mpinzani wake kwa jina, msimu fulani, mbele ya watu wanaomjua, amegeuzwa kuwa kabila zima.

Kwamba kurudi kunawezekana, tunao ushahidi. Mwaka 2010 Frank Gunderson, Mmarekani aliyefanya utafiti Usukuma tangu miaka ya 1990, alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, maneno yake yakiwa kwa Kisukuma pamoja na tafsiri na, pale ilipowezekana, jina la mtunzi. Humo tunaona jinsi vyama vya wawindaji wa nungunungu na wacheza nyoka vilivyozaa vyama vya kulima kwa pamoja, na jinsi jembe lenyewe lilivyoingia katika bugobogobo. Na kule Kapkatet, Kenya, sauti za Wakipsigis ambazo Tracey alizirekodi mwaka huohuo wa 1950 zilirudishwa mwaka 2014, na wazee waliokuwa vijana siku ile walisikilizishwa. Waliwezekana kutafutwa kwa sababu kadi ilikuwapo.

Kaseti za Bariadi hazina kadi huko Afrika Kusini. Zina wenyewe, ambao baadhi yao wangali hai, na zina karatasi zao pale ambapo kaseti haikutupwa baada ya kuhamishwa. Anayetaka kuzinasa upya leo aanze kwa kuipiga picha karatasi hiyo pande zote mbili. Kisha, kabla ya kubonyeza kitufe cha kaseti, aiache kompyuta inase na amwombe mwenye kaseti aseme kwa kinywa chake: hii ni ngoma gani, nani anaimba, walikuwa wapi, upande wa pili walikuwa akina nani. Sauti hiyo itakaa mwanzoni mwa faili, na haitabanduka nalo litakapohamishwa tena.